Nguli wa Roki Akitundika Gitaa, Uliza Kwanza Ni Kiungo Gani Kimechoka

Mkongwe wa roki akitangaza kustaafu, mashabiki hugawanyika kabla jua halijazama. Wapo wanaolia. Wapo wanaosema amechelewa, angeacha zamani akiwa bado na heshima yake. Na wapo wasioamini neno hata moja, wanaongoja arudi mwakani na ziara nyingine ya kuaga. Mimi kwa Phil Collins peke yake, yule Mwingereza wa bendi ya Genesis, nimepitia makundi yote matatu. Mwaka 2011 alisema anaacha muziki, nikahuzunika. Mwaka 2017 akarudi jukwaani, nikaona basi hata lile la kwanza lilikuwa maneno tu. Tarehe 26 Machi 2022, pale ukumbi wa O2 mjini London, akaimba na Genesis kwa mara ya mwisho, na safari hii hakuna aliyebisha.

Ushauri wangu kwa shabiki anayepitia hali hii ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: tafuta kujua ni kiungo gani cha mwili kimestaafu. Muziki haustaafu. Hamu nayo aghalabu haistaafu. Kinachogoma ni bega, au koo, au sikio, na ukishakijua hicho utajua namna ya kumwachia mtu wako aende, na utajua pia usikilize nini akishaondoka.

Kwa Collins ni shingo. Wakati wa ziara ya Genesis ya mwaka 2007 pingili za shingo yake ziliharibika, mishipa ya fahamu ikabanwa, mikono ikaanza kupoteza nguvu. Alipokuwa akirekodi albamu yake iliyotoka 2010 ilibidi fimbo za drams zifungwe mikononi kwa utepe ili zisimponyoke. Hebu fikiria vizuri hapo. Wengi wanamjua kama mwimbaji wa nyimbo za mapenzi, lakini yeye aliingia Genesis mwaka 1970 kama mpiga drams, na kuimba alikurithi tu baada ya mwimbaji wao, Peter Gabriel, kuondoka mwaka 1975. Mikono ndiyo iliyomleta mjini. Katika ziara ile ya mwisho aliimba akiwa amekaa kwenye kiti, na nyuma yake kwenye drams alikuwa mwanawe, Nic.

Nilipoelewa hilo niliacha kujiuliza kwa nini hapigi walau wimbo mmoja, kwa ajili yetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shabiki aliyeketi na spika zake hawezi kujua ni maumivu gani yanamchukua mtu kutoka kitandani hadi jukwaani, halafu usiku wa pili tena, na wa tatu.

Ukiwatazama wenzake utaona kila mmoja ana mlango wake wa kutokea. Steven Tyler, mwimbaji wa bendi ya Aerosmith, aliumia koo Septemba 2023, ziara ya kuaga ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Wakasubiri karibu mwaka mzima, na Agosti 2024 bendi ikatangaza kwamba haitafanya ziara tena, kwa sababu sauti isingerudi kama ilivyokuwa. Malcolm Young, mpiga gitaa wa bendi ya AC/DC, mtu aliyeibeba bendi nzima kwa mkono wake wa kulia, aliondolewa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu mwaka 2014. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi hiyohiyo, alisimamishwa na masikio mwaka 2016. Yeye ni wa pekee kidogo, maana sikio lilipatiwa vifaa, akarudi. Koo la Tyler na mishipa ya Collins havina kifaa.

Hapa ndipo unapoweza pia kutofautisha kuaga kwa kweli na kuaga kwa biashara. Roki imezoea vibaya katika hili. The Who walifanya ziara yao ya kuaga mwaka 1982, na mwaka 1989 walikuwa barabarani tena. Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, aliaga mwaka 1992, akarudi 1995. Kiss waliaga mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha wakaaga tena kwa ziara iliyoanza 2019 na kuishia Madison Square Garden tarehe 2 Desemba 2023, na usiku huohuo wakaonyesha watu vivuli vyao vya kidijitali vitakavyoendelea kuimba badala yao. Mötley Crüe ndio walionichekesha zaidi: mwaka 2014 walisaini mkataba hadharani kwamba wakimaliza hawatafanya ziara tena, wakamaliza usiku wa mwisho wa 2015, na mwaka 2022 wakawa viwanjani. Mkataba wenyewe walikuwa wameufanyia sherehe ya kuulipua.

Sasa ukisikia tangazo, lisome kwa makini. Likitaja mkono, koo au ugonjwa, mwamini. Likitaja tu kwamba wakati umefika na kwamba wanawashukuru mashabiki wote wa dunia, furahi nao lakini usiuze godoro kwenda kuwaona. Kanuni ninayoitumia mimi kwa tiketi ni kujiuliza kama ningelitaka onyesho hili hata kama lisingekuwa la mwisho. Kama jibu ni ndiyo, nenda, na wakirudi miaka mitano baadaye hutakuwa umeibiwa chochote. Kama unanunua huzuni tu, subiri. Waandaaji wa ziara wanaijua huzuni ya shabiki na wameipangia bei.

Kuna jambo lililonifanya niache kabisa tabia ya kuwasihi wanamuziki warudi, nalo ni habari ya Neil Peart, mpiga drams wa bendi ya Rush. Onyesho la mwisho la Rush lilikuwa Los Angeles tarehe 1 Agosti 2015. Peart alikuwa amechoka kweli. Drams alizokuwa akipiga usiku mzima zilimtoza mabega na viwiko, na alitaka kukaa nyumbani na binti yake mdogo. Wenzake wawili, Geddy Lee na Alex Lifeson, walitamani waendelee. Mwisho wa onyesho lile alifanya jambo ambalo katika miaka yote hakuwahi kulifanya: alitoka nyuma ya drams zake, akaja mbele ya jukwaa, akawakumbatia wenzake.

Miaka iliyofuata mashabiki hatukumwacha. Kila mwanamuziki wa Rush aliyehojiwa popote aliulizwa lini watarudi. Wengine walimwita Peart mchoyo. Kumbe tangu mwaka 2016 alikuwa na saratani ya ubongo, na rafiki zake walikuwa wanajua, na walikuwa wanajibu maswali yale kwa adabu huku wakilinda siri ya mwenzao. Alifariki 7 Januari 2020, na dunia ikapata habari siku chache baadaye. Mwimbaji Linda Ronstadt naye aliacha kuimba mwaka 2009, ikachukua miaka minne kabla ya kueleza hadharani kwamba ni ugonjwa uliokuwa unamnyang'anya misuli ya sauti. Kwa hiyo ukitaka kumwandikia mtu wako aliyestaafu, mwandikie. Mshukuru, mwambie wimbo gani ulikusaidia na wakati gani. Ila usimalizie na "tunakungoja." Hujui unamwambia nani.

Swali ambalo mashabiki wenzangu huniuliza mara nyingi ni kama watazame maonyesho ya mwisho, mtu akiwa tayari amedhoofika. Wengine hukataa, wanataka kubaki na picha ya ujana. Siwalaumu. Binafsi natazama, lakini nina sharti: simlinganishi na yeye wa miaka thelathini iliyopita. Katika ziara ya mwisho ya Genesis nyimbo zilishushwa, kwa sababu Collins hakuweza tena kuzifikia noti za juu. Ukisikiliza ukitafuta ile sauti ya zamani, utaumia kwa saa mbili. Ukisikiliza kama vile ni mzee anaimba maneno aliyoyaandika kijana mmoja mwenye hasira, utasikia mambo mapya kabisa. Maneno ya kuachwa na mke yakiimbwa chini, taratibu, na mtu aliyekaa, yanapoteza kisasi chote. Mimi nazipenda zaidi hivyo baadhi yake, ingawa najua kuna watakaonitoa kwenye kundi kwa kusema haya.

Ozzy je? Tarehe 5 Julai 2025 aliimba uwanja wa Villa Park, Birmingham, akiwa amekaa kwenye kiti cha enzi, na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, ulikuwa umeshamfunga miguu. Waanzilishi wanne wa Black Sabbath walikuwa pamoja jukwaani kwa mara ya kwanza tangu 2005. Uwanja huo uko Aston, mtaa aliokulia. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na huyu alirejea mbele ya maelfu ya watu, akaimba, akaaga, na tarehe 22 mwezi huohuo akafariki. Aliyesema mwaka 1992 kwamba Ozzy anacheza na akili za watu alikuwa sahihi, na aliyekataa kumtazama 2025 kwa sababu ya kosa la 1992 alijinyima.

Tuje kwenye rekodi, maana hapo ndipo kazi ya shabiki inapobaki. Watu wengi baada ya tangazo hurudia vibao vilevile kumi walivyokuwa wakivisikiliza siku zote, na wiki ya pili wanachoka. Fanya kinyume. Fuata kile kiungo. Kwa kuwa kilichonyamaza kwa Collins ni mikono, mimi niliweka kando nyimbo zake za mapenzi nikaenda kutafuta mahali popote alipopiga drams tu, bila kuimba. Ni hazina. Alipiga katika bendi ya Brand X, iliyochanganya jazi na roki, na huko utamsikia akikimbia kama mtu asiye na habari na redio. Alimpigia mwanamuziki Brian Eno. Alimpigia mwimbaji John Martyn. Robert Plant alipotoka kujitegemea baada ya Led Zeppelin kuvunjika, aliyekaa kwenye drams katika albamu zake mbili za kwanza, sehemu kubwa, ni Collins. Kukalia kiti kilichoachwa na John Bonham, mpiga drams wa Led Zeppelin, si mchezo, na sikumbuki mtu akilalamika.

Kisha tafuta albamu ya tatu ya Peter Gabriel, ya mwaka 1980. Gabriel alikataza matoazi katika albamu nzima. Studio ile ya London ilikuwa na kipaza sauti cha kuzungumzia tu, cha mwanamuziki kumwambia fundi aliye chumba cha pili "nimemaliza" au "rudia," nacho kilitengenezwa kubana sauti kali ili zisimuumize fundi masikio. Collins akawa anapiga drams kikiwa wazi. Sauti iliyotoka ilikuwa kubwa kama ya pango, kisha inakatika ghafla kana kwamba mlango umefungwa. Fundi Hugh Padgham na wenzake wakaishikilia. Mwaka uliofuata Collins akaitumia katika ule wimbo wake, "In the Air Tonight," ambao drams hukaa kimya zaidi ya dakika tatu kabla ya kuanguka zote kwa mpigo, na miaka ya themanini yote ikaiga. Usikilize tena ukijua kwamba mikono iliyofanya vile leo haina nguvu ya kushika fimbo. Hutaupita haraka kama zamani.

Ukiwa na kijana karibu, mpe asikilize, ila usimfanyie hotuba. Wimbo mmoja unatosha. Akitaka wa pili ataomba.

Limebaki suala la bendi kuendelea bila mtu wako, ambalo kwa sasa linawagombanisha mashabiki wa Rush kuliko kitu kingine. Oktoba 2025 Lee na Lifeson walitangaza ziara ya mwaka 2026, na kwenye drams wamemweka Mjerumani Anika Nilles. Kuna wanaoita hilo usaliti. Mimi sioni hivyo. Aliyestaafu mwaka 2015 alikuwa Peart, mabega yake ndiyo yaliyokuwa yamekwisha. Vidole vya Lee na Lifeson havikuwa vimesema lolote. Kama huwezi kumtazama mtu mwingine kwenye kiti kile, baki nyumbani na rekodi zako, hakuna atakayekudai. Kama unaweza, nenda, na ukifika usikae unahesabu mahali Nilles alipokosa kuwa Peart. Sikiliza anavyopiga yeye.