Diskasheni ya takwimu si ya vilaza

Mdogo wangu, unauliza kama ukijiunga na diskasheni (kikundi cha kujisomea) ya takwimu inayoongozwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, chuo kizima hapo Tanga kitakuona kilaza. Nenda tu. Utaratibu huu, kwa Kiingereza Supplemental Instruction, ulianzishwa mwaka 1973 Marekani, Chuo Kikuu cha Missouri pale Kansas City, na Deanna Martin, na tangu mwanzo ulilenga somo gumu, si mwanafunzi dhaifu. Mwenye A na aliyeponea chupuchupu sapu (mtihani wa marudio) wanakaa meza moja.

Ila mchunguze kiongozi. Awe amelifaulu somo lenyewe, na ikiwezekana aingie tena darasani pamoja nanyi, ajue mhadhiri kasema nini wiki hii. Akishika chaki akafundisha mwanzo mwisho, hiyo ni tuisheni (na tuisheni mbaya, mara nyingi). Kazi yake ni kuwarudishia swali: "Kwa nini hapa tumegawa kwa n kutoa moja?" Kisha anyamaze, hata mkitazamana tu, mpaka mmoja wenu ajaribu.

Anza mapema. Wanaojazana mtihani ukikaribia huja kunakili majibu. Na kama unarudi Pongwe jioni, waombe wawahishe muda. Usikose kikao kwa sababu ya daladala.