Yapite Mjini, ila Tuambiane Mapema

Mhariri, kamwene.

Swali lenu la wiki hii linasema: maandamano ya sikukuu za dini yapite barabara za katikati ya mji, au kila dini imalize shughuli zake ndani ya uzio wake? Najibu kama dereva wa kenta hapa Iringa, yaani mtu ambaye barabara ikifungwa ndiye wa kwanza kukosa hesabu ya tajiri. Jibu langu: yapite.

Mfano wangu sitautoa kwa Wakatoliki wenzangu wala kwa Waislamu. Hao hakuna anayewashangaa. Ekaristi ikitoka na mwavuli wake, au zafa ya Maulidi ikipita na dufu na bendera, hata mwendesha bodaboda anajua asogee wapi. Nitautoa kwa Wahindu, kwa sababu hapa kwetu ni wachache. Anayesema "yapite" huku kichwani ana maandamano ya dini yake tu, huyo bado hajajibu swali.

Gari ninaloendesha limewahi kumbeba Ganesh. Kazi yenyewe ilikuja kama kazi nyingine. Mzee mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye huwa namshushia saruji na mabati, aliniuliza kama Jumapili nina safari. Nikamwambia sina. Akasema basi nioshe bodi vizuri, na Jumamosi yake nisipakie mbuzi wala samaki. Hilo la samaki liliniuma kidogo, maana mzigo wa Mtera ndio wenye hela, lakini tulielewana bei.

Kwa asiyemjua: Ganesh ni mwana wa Shiva na Parvati, ana mwili wa mtu na kichwa cha tembo, na Wahindu humwomba kabla ya kuanza jambo lolote, iwe ndoa, safari au kufungua duka, kwa kuwa ndiye mwondoa vikwazo. Wanasimulia kwamba Parvati alimuumba kijana alinde mlango akiwa anaoga. Shiva akarudi, kijana akamzuia asiingie, Shiva kwa hasira akamkata kichwa, na alipojua ni nani akamrudishia uhai kwa kichwa cha tembo. Sikukuu yake huangukia Agosti au Septemba, kwa hesabu ya mwezi. Sanamu ya udongo huletwa nyumbani au hekaluni, ikafanyiwa ibada, ikapewa maua na vyakula, kisha ikasindikizwa kwenda majini iyeyuke. Kikamilifu ni siku kumi, lakini familia inaweza kumkaribisha kwa siku moja na nusu, tatu, tano au saba. Sisi hapa sikukuu ya Kihindu si siku ya mapumziko, kwa hiyo wanachagua hesabu inayoangukia Jumapili, maduka yakiwa yamefungwa. Nilipenda hilo. Dini ya watu wachache inajifunza kukaa na kalenda ya walio wengi.

Utingo wangu ni kijana wa Tungamalenga, kule njia ya hifadhi ya Ruaha. Wanaokifahamu kijiji chake wanajua tembo kwao ni habari ya usiku, watu wanapiga madebe shambani ili wapate cha kuvuna. Alipoona sanamu inapandishwa kwenye bodi, kwa adabu zote akamuuliza bibi mmoja mwenye sari ya kijani, ambaye mtaa mzima unamwita Ba:

"Shikamoo Ba. Samahani, huyu ndiye anayemaliza mahindi yetu?"

Moyo wangu ulishuka. Ba akamtazama.

"Marahaba, mwanangu. Huyu wetu anakula ladu, vile vitamu vyetu vya mviringo. Mahindi hali. Lakini muombe, labda atakusemea kwa wenzake."

Watu walicheka mpaka mpiga ngoma akapoteza mapigo. Baadaye Ba akampa utingo mfuko mzima wa modaka, vile vidonge vya unga wa mchele vyenye nazi na sukari guru ndani, na kijana akavimaliza kabla hatujafika Ipogolo. Mtaani kwetu nimekua nikisikia kwamba "Banyani wanaabudu wanyama kule ndani". Watu walisema hivyo kwa miaka kwa sababu kila kitu kilifanyika nyuma ya geti. Hakuna aliyemuuliza Ba. Utingo wangu aliuliza kwa sababu siku hiyo geti lilikuwa limefunguliwa na jambo lilikuwa barabarani.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi maandamano yanaleta upendo yenyewe tu. Kilichonifanya niandike barua ndefu hivi ni mambo niliyoyaona kabla ya gari kuwashwa, na hayo hayahitaji upendo, yanahitaji daftari. Wazee wao walikuwa wamepeleka barua polisi na manispaa. Mmoja alikwenda msikitini kuuliza saa ya adhana ya alasiri, wakakubaliana ngoma inyamaze kuanzia kona ya kwanza kabla ya msikiti hadi kona ya pili baada yake, iwe kuna adhana au hakuna. Vijana wao wawili walivaa vizibao vya kuakisi na kazi yao ilikuwa moja tu, kuhakikisha upande wa kulia unabaki wazi kwa magari. Kinamama wa sokoni waliambiwa siku mbili kabla wasipange nyanya ukingoni mwa barabara kwa saa ile. Watu wenyewe hawakufika mia. Walitembea kwa miguu katikati ya mji tu, na kabla ya mteremko kila mtu akapanda gari, kwa sababu wote tunaujua mlima wa Ipogolo na malori yanayoupanda. Nilishuka kwa gia nzito, sanamu imefungwa kamba za katani na kuzungushiwa magodoro, na Ba amekaa nyuma akiishika goti kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Yule mzee wa duka alikaa mbele na mimi. Asili ya ukoo wake ni Gujarat, jimbo la India, kama Wahindu wengi wa nchi hii. Nilimuuliza kwao inakuwaje. Akaniambia kwamba ya Ganesh zamani ilikuwa zaidi sikukuu ya nyumbani, mpaka mwaka 1893 mpigania uhuru Bal Gangadhar Tilak alipoitoa nje kule mji wa Pune ikawa ya umma, sababu mojawapo ikiwa kuwakusanya watu mbele ya utawala wa Waingereza. Lakini aliyotaka kunisimulia zaidi ni ya Ahmedabad, mji mkubwa wa jimbo lao. Huko kuna maandamano mengine, ya magari ya ibada ya Jagannath, mungu mwingine wa Wahindu, yanayofanyika tangu 1878. Magari matatu ya mbao yanavutwa kwa kamba kupitia mji mkongwe, ikiwemo mitaa ya Waislamu, na watu njiani wanagawiwa choroko zilizoota na zambarau. Kabla hayajaanza, Waziri Kiongozi wa jimbo anashika fagio la dhahabu na kufagia njia mbele ya gari. (Sisemi Meya wetu ashike fagio. Ila siku akitaka, nampigia picha mimi.)

Mzee hakuficha upande wa pili. Mwaka 1946 siku ya maandamano hayo mji uliwaka, Wahindu na Waislamu wakauana. Marafiki wawili, Vasantrao Hegishte, Mhindu, na Rajab Ali Lakhani, Muislamu, waliingia katikati ya watu wenye silaha kuwazuia. Wote wawili waliuawa siku hiyohiyo, Julai 1, na hadi leo mji unawakumbuka kila tarehe hiyo. Ghasia zimetokea tena miaka ya baadaye. Na bado magari yanapita njia ileile, polisi wakiwa wengi na wazee wa pande zote mbili wakikutana kabla.

Nimeifikiria sana habari hiyo, kwa sababu wasomaji wanaosema "kila dini ikae kwao" wana hoja, na Ahmedabad ndiyo hoja yao nzito kuliko zote. Kupita mbele ya nyumba ya mwenzako kwa ngoma kunaweza kuwa uchokozi. Inategemea ulimwambia au hukumwambia, na ukifika mlangoni kwake unapiga kwa nguvu zaidi au unanyamaza. Kwa hiyo mimi ningemnyima kibali mtu yeyote, wa dini yangu akiwemo, anayetaka kupita bila kukaa kwanza na wale atakaowapitia. Aliyekaa nao, apite. Katiba ibara ya 19 imempa uhuru wa imani yake; hayo mengine ni utaratibu wa jirani na jirani.

Kuna jambo moja ambalo mimi na Ba hatujaelewana, na nitalisema hapa kwa kuwa najua analisoma gazeti hili. Ni mto. Sanamu niliyoibeba haikuwa ya udongo. Ilikuwa ya plasta, imepakwa rangi za dukani zinazong'aa. Ruaha Mdogo ndio mto wetu wa maji ya kunywa, na ukitoka hapa unakwenda kuungana na Ruaha Mkuu mpaka bwawa la Mtera. Plasta haiyeyuki upesi kama udongo, na rangi nyingine zina madini yenye sumu. India wenyewe wamelihangaikia: miongozo ya mwaka 2020 ya mamlaka yao ya kudhibiti uchafuzi ilikataza sanamu za plasta, na miji kama Mumbai inachimba mabwawa ya muda ili watu wasizamishe kwenye mito na bahari. Ba anasema sanamu ilikuwa ndogo na mto ni mkubwa. Mimi nasema kila mtu anayetupa kitu mtoni anasema hivyohivyo. Mzee alinipigia kura mimi, lakini kimyakimya, maana Ba ni dada yake mkubwa.

Na udongo tunao! Wanawake wa Kikisi kule Ikombe na Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu vinavyouzwa nyanda zote hizi. Mtu anayeweza kutengeneza chungu chembamba vile bila gurudumu hashindwi na tumbo la Ganesh. Nimejitolea kumpeleka mzee mpaka Matema akaongee nao. Mafuta aweke yeye. Sanamu ya udongo isiyopakwa rangi inaweza kuyeyushwa kwenye pipa uani kwa hekalu, na maji yake yakamwagiwa maua.

Wapo watakaouliza kwa nini kujisumbua kwa watu wasiofika mia. Hawakuwa wachache hivi siku zote. Majengo mengi ya zamani ya barabara za katikati ya mji wetu, yale yenye duka chini na roshani ya mbao juu, yalijengwa na familia zilizotoka India, Wahindu na Waismailia wa Aga Khan na Singasinga. Jamatkhana lenye saa, ambalo kila mgeni analipiga picha, ni nyumba ya ibada ya Waismailia. Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha, familia nyingi zikaondoka kwenda Uingereza na Kanada. Waliobaki walijifunza kusherehekea kwa sauti ya chini. Siwalaumu. Lakini mji uliokuwa unawaona kila mwaka ukaanza kuwasikia kwa uvumi tu, na vijana wa umri wa utingo wangu wakakua wakidhani Diwali ni siku ya fataki za matajiri.

Kwa madereva wenzangu wanaolalamika foleni: tulisimama dakika chache kona mbili, basi. Wiki moja baadaye msafara wa kiongozi fulani ulitufungia barabara muda mrefu zaidi, na hakuna aliyetupa ladu. Kinachotuumiza ni kutojua. Nikiambiwa Ijumaa kwamba Jumapili saa tisa kuna maandamano, napanga mzigo wangu asubuhi. Nikikutana nayo konani nina tani tatu za viazi vya mtu anayezisubiri Dar, hapo nitapiga honi hata mbele ya Ekaristi.

Ndiyo maana ombi langu kwa manispaa ni dogo. Kibali chochote cha maandamano ya dini, cha kanisa, msikiti au hekalu, kikishatolewa, kibandikwe kwenye ubao wa soko kuu na stendi, kikiwa na njia, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na namba ya simu ya mtu wa kuulizwa. Na gari la matangazo lipite siku moja kabla. Kama ni gari wanalokosa, langu lina spika.