Pete ya Leah: Barua kwa Binti Yangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika, sisi hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Umenieleza kwamba kikundi chenu kinafanya mazoezi ya ile futuhi ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, kwamba umepewa nafasi ya Jessica, binti wa Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha, na unataka kujua kama umwigize kuwa msaliti wa baba yake au mtoto aliyejiokoa. Swali hilo nimelala nalo siku tatu, kwa sababu na mimi ni baba wa binti.

Nianze na kutoroka kwake, maana hapo sioni usaliti wowote. Jessica mwenyewe anasema nyumba yao ni jehanamu, na baba anayeamuru madirisha yafungwe ili hata sauti ya ngoma ya mtaani isiingie ndani asishangae sana siku akikuta binti hayupo. Kuchagua mume ni haki ya msichana mzima. Lakini soma tena pale Shylock anapojiandaa kwenda kula chakula cha jioni kwa watu wanaomchukia. Usiku ameota mifuko ya fedha, moyo wake hautulii, nusura asiende. Hatimaye anamkabidhi binti yake funguo za nyumba na kuondoka. Antonio, mfanyabiashara Mkristo, humtukana na kumtemea mate hadharani, na Shylock hajawahi kutarajia jema kutoka kwake. Funguo alimpa mtoto wake.

Usiku huohuo Jessica, akiwa amevaa mavazi ya kiume, anamrushia mchumba wake Mkristo, Lorenzo, kasha la vito kutoka dirishani, kisha anarudi ndani kujiongezea dukati, yaani sarafu za dhahabu. Kasha lile la kwanza mtu anaweza kulitetea kwamba ni mali ya kuanzia maisha, lakini huku kurudi ndani mara ya pili sina namna ya kukutetea. Ndiyo maana nakuomba usiharakishe hapo: mwombe mwongozaji wenu aache jukwaa tupu kwa muda, watazamaji wakusikie ukifungua na kufunga. Lorenzo anapomtaka awe mshika mwenge wake, Jessica anauliza iwapo ni lazima aimulike aibu yake mwenyewe. Anaitamka kana kwamba anasema juu ya mavazi ya kiume, lakini mimi siamini kwamba mavazi tu ndiyo yaliyomtia aibu.

Sasa tufike kwenye pete, ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo. Tubal, Myahudi mwenzake Shylock, anarudi kutoka Genoa na habari kwamba Jessica ametumia dukati 80 kwa usiku mmoja, na kwamba ametoa pete ili apewe tumbili. Dakika chache kabla ya hapo Shylock alikuwa akitamani binti yake angekuwa maiti miguuni pake, vito vikiwa masikioni, maneno ambayo hakuna mzazi anayepaswa kuyatamka na mimi simtetei kwayo. Ila akisikia habari ya pete sauti inabadilika. Ilikuwa ya feruzi, alipewa na Leah kabla hawajaoana, na asingeitoa hata kwa msitu mzima wa tumbili. Jina la Leah halitajwi mahali pengine popote katika tamthilia. Unaifahamu pete ya bibi yako, ile nyembamba ya fedha iliyolika upande mmoja kwa mpini wa jembe, ambayo mama yako ameifunga kwa kipande cha kanga ndani ya kibweta? Sonara hawezi kukupa kitu kwayo. Basi mimi nikisoma habari ya feruzi ya Leah huiona hiyo.

Ilinganishe na pete za Belmont, nyumbani kwa tajiri Portia. Portia na mhudumu wake Nerissa wanawavisha waume zao, Bassanio na Gratiano, pete, waume wanaapa kutozivua, na baada ya kesi ya Shylock na Antonio wote wawili wanazitoa kwa mwanasheria kijana na karani wake, ambao ni wake zao wenyewe waliojibadilisha. Kiapo kimevunjwa. Hata hivyo wanasutwa kidogo, watazamaji wanacheka, pete zinarudi vidoleni, na kwa sababu ya mwisho wa namna hiyo wachapaji wa mwaka 1623 waliiweka kazi hii miongoni mwa futuhi. Pete ya Leah hairudi, wala hakuna mtu Belmont anayeiulizia. Nadhani Shakespeare aliziweka pete hizi katika tamthilia moja makusudi, ili tuone usaliti wa nani unageuzwa mzaha na hasara ya nani inasahauliwa.

Wenzako watakuambia kwamba kwa watazamaji wa kwanza Jessica alikuwa ameokoka tu, na ni kweli. Uingereza iliwafukuza Wayahudi mwaka 1290, hivyo wengi waliomcheka Shylock katika miaka ya 1590 hawakuwa wamewahi kuishi naye jirani. Na Venisi yenyewe tangu 1516 iliwaweka katika mtaa wa Ghetto ambao malango yake yalifungwa usiku. Lakini wewe huigizi mbele ya watu wale. Utakuwa na tafsiri ya mwaka 1969, iliyotoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na kichwa chake kina mabepari wengi mahali ambapo Kiingereza kina mfanyabiashara mmoja. Mimi huuona wingi huo kuwa hukumu: akina Lorenzo nao wamo, na dhahabu ya Shylock waliipokea kwa mikono miwili.

Hata hivyo, usimhukumu Jessica kwa ukali kuliko tamthilia yenyewe. Anapoingia Belmont, Gratiano anamwita kafiri wa Lorenzo, kisha anamwambia Nerissa amchangamshe yule mgeni. Bassanio na Portia wanamkaribisha Lorenzo, na Jessica hawamtaji. Ndipo anaposema, bila kuulizwa, kwamba alimsikia baba yake akiapa mbele ya Tubal na Chus kuwa afadhali ratili ya nyama ya Antonio, iliyokuwa dhamana ya mkopo, kuliko deni lililolipwa mara ishirini. Huo ndio usaliti wake wa pili, na naona anautoa kama kiingilio. Sema maneno hayo taratibu, ukiwatazama mmoja mmoja kuona kama wamekupokea.

Mwishoni kabisa, chini ya mbalamwezi, Jessica anasema kwamba muziki mtamu haumfurahishi kamwe, na baada ya hapo hasemi neno tena. Nerissa anamkabidhi Lorenzo hati inayompa yeye na Jessica mali yote ya Shylock siku atakapokufa, Shylock ambaye mahakama imekwisha kumlazimisha kuacha dini yake. Lorenzo anashukuru kama aliyedondoshewa mana. Wewe umeandikiwa kimya, na jibu langu kwa swali lako limo humo. Usicheke naye wala usilie. Ichukue hati mkononi mwake, uisome hadi ufike kwenye jina la baba yako.

Niandikie tarehe ya onyesho mapema. Nauli nimekwisha kuiweka kando.

Baba yako