Kabla ya kubishania asilimia ya kikokotoo, ulizeni deni

Nimewakilisha wafanyakazi wenzangu tangu enzi za PSPF, mfuko wa zamani wa pensheni wa watumishi wa umma Tanzania, na karibu kila kikao nilichokaa cha kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, kiliishia kwenye mkupuo, fedha anazolipwa mstaafu kwa mara moja. Ndugu zangu mnaoingia kwenye uwakilishi sasa, naomba msianzie hapo.

Si kwamba mkupuo ni jambo dogo. Chukueni mwalimu aliyechangia miezi 360, mshahara wa kukokotolea ukiwa Sh1,200,000. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF (1/540 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi wa mchango ndiyo pensheni ya mwaka; asilimia 50 yake, mara 15.5, ndiyo mkupuo; inayobaki hulipwa kila mwezi) angeondoka na Sh74.4 milioni, kisha Sh400,000 kila mwezi. Kanuni za 2018, baada ya mifuko ya watumishi wa umma kuunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF (1/580, asilimia 25, mara 12.5), zilimpa mkupuo wa Sh27.9 milioni na kama Sh558,600 kwa mwezi. Nyongeza hiyo ya mwezi ingehitaji zaidi ya miaka 24 kufidia alichopoteza kwenye mkupuo. Mtu anastaafu na miaka 60! Waliosema wafanyakazi hawakuelewa hesabu walitukosea sana. Tulielewa vizuri mno.

Ndiyo maana mageuzi haya ni mzigo mzito kwa mwanasiasa yeyote. Anayeumia anajulikana, anastaafu mwaka huu na ana kura. Atakayefaidika mfuko ukibaki hai pengine bado yuko chuo. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, akarudisha vikokotoo vya zamani hadi 2023. Julai 2022 ukaja mkupuo wa asilimia 33. Bajeti ya 2024, uchaguzi ukikaribia, ikaupandisha hadi 40 kwa watumishi ambao kwa vikokotoo vya zamani walikuwa wakipata 50.

Kilichonikera miaka yote ni kwamba tukivutana juu ya asilimia, swali kubwa linapita pembeni: mfuko ulidhoofikaje? PSPF ilianza kukusanya michango mwaka 1999, lakini ikalipa pensheni hata kwa miaka ya utumishi ya kabla ya hapo, ambayo haikuwa na mchango wowote. Deni hilo lilikuwa la Serikali. Lilipokuja kushughulikiwa, zilitolewa hatifungani maalumu zisizo taslimu, yaani hati za Serikali kuahidi kulipa baadaye badala ya fedha mkononi, za Sh2.17 trilioni. Serikali hapo ndiyo mwajiri, ndiyo mdaiwa, na ndiyo inayopeleka muswada bungeni. Mtumishi anayejua hivyo atawezaje kukubali kupewa kidogo leo kwa ahadi ya kulipwa kidogo kidogo baadaye?

Kwa hiyo kwenye baraza la wafanyakazi, ombeni kwanza tathmini ya uhai wa mfuko (kama utaweza kulipa pensheni za miaka ijayo), ratiba ya malipo ya hatifungani, na orodha ya waajiri wasiowasilisha michango. Yaandikwe kwenye muhtasari. Asilimia ijadiliwe baada ya majibu kuletwa. Na kila mwanachama aje na taarifa yake ya michango mkononi; miezi inayokosekana idaiwe sasa, mwajiri akiwa bado ana mafaili.