Mtawa aliyemchora tembo wa mfalme

Wiki mbili zilizopita nilimtaja kwa mstari mmoja tu Matthew Paris, mtawa wa Kiingereza wa karne ya 13 aliyeandika na kuchora habari za zama zake. Mstari ule umezaa barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nazijibu zile zinazojibika.

Shikamoo Mwalimu. Huyu Paris alikuwa Mfaransa?

Marahaba. Jina linapotosha. Wataalamu wengi wanamhesabu Mwingereza, na kwa jinsi alivyokuwa akiwasema wageni waliojazana ikulu kwa Mfalme Henry III wa Uingereza, ningeshangaa kama naye angekuwa mmoja wao. Tarehe 21 Januari 1217 alivaa kanzu ya utawa katika abasia (monasteri) ya St Albans, kaskazini ya London, na hapo ndipo palipokuwa kwake hadi mwisho wa maisha yake mwaka 1259. Alikuwa Mbenedikto, shirika lile lile la watawa wa Peramiho na Ndanda.

Mtu wa kushinda kanisani alizipata wapi habari za dunia?

Zilimfuata mlangoni. St Albans ilikuwa kwenye njia kuu itokayo London, na wakubwa waliosafiri walilala hapo. Mgeni akishakula, anasimulia. Mfalme mwenyewe alikuwa mgeni wa mara kwa mara. Mwaka 1257 alikaa wiki nzima na kumkaribisha Matthew mezani pake. Tena walikuwa wakifahamiana. Tarehe 13 Oktoba 1247, kwenye sherehe kubwa Westminster, mfalme alimwona katika umati, akamwita aketi kwenye ngazi karibu na kiti cha enzi, akamwagiza aandike yote aliyoyaona. Mwaka uliofuata Matthew akasafiri hadi Norwei kutengeneza mambo ya monasteri iliyokuwa imeharibikiwa. Walipofika Bergen, radi ikaupiga mlingoti wa merikebu yake. Hilo nalo akaliandika, bila shaka.

Nasikia alimsema mfalme na Papa bila woga. Kweli?

Kweli nusu. Kitabu chake kikubwa cha historia, Chronica Majora, alikianzia kwenye kazi ya Roger wa Wendover, mtawa mwenzake aliyefariki mwaka 1236. Aliinakili, akaitia pilipili, kisha akaendelea mwenyewe mwaka hadi mwaka. Kodi za Roma zilimkera. Uchoyo wa mfalme ulimkera. Wageni wenye vyeo ndiyo usiseme. Ukimsoma unadhani unamsikia mzee wa kijiwe cha kahawa anayejua siri za kila mtu mjini.

Lakini uzeeni akaanza kuhofia maneno yake. Alirudi kwenye kurasa zile, na pembeni mwa maneno makali akaandika kwa Kilatini offendiculum, yaani kikwazo, ili mnakili asiyapitishe. Kwingine alikwangua. Kitabu kilikuwa cha ngozi ya mnyama, kwa hiyo wino uliondolewa kwa kisu kama unavyoparua magamba ya samaki, kisha sentensi ya upole ikaandikwa juu ya kovu. Mimi simlaumu. Ila nacheka kila ninapokumbuka kwamba aliyeficha ndiye aliyetuonyesha mahali pa kutazama.

Na tembo je?

Nilijua mtauliza. Mwaka 1255 Louis IX wa Ufaransa alimpelekea Henry zawadi ya tembo. Akawekwa katika Mnara wa London, akajengewa banda la futi 40 kwa 20. Watu walimiminika kumtazama, Matthew akiwamo. Alimchora na mtunzaji wake kando, akaeleza kwamba kwa kimo cha mtu huyo msomaji akadirie ukubwa wa mnyama. Vitabu vya wakati ule vilifundisha kwamba tembo hana viungo magotini, hulala ameegemea mti, na akianguka hainuki. Aliyepita Mikumi kwa basi akaona tembo wakivuka barabara atashangaa nani alibuni hayo. Matthew alichora magoti yanayokunjika. Maskini tembo hakumaliza miaka mitatu Uingereza. Alikufa mwaka 1257.

Basi tumwamini kwa yote?

Hapana. Wamongolia aliwachora wakichoma binadamu motoni, na hakuwahi kumwona hata mmoja. Hotuba ndefu za wakubwa nyingi alizitunga. Ila akieleza hali ya hewa, msikilize. Mwaka 1258 aliandika habari za baridi isiyoisha, mavuno kuharibika, na maiti za masikini zilizovimba kwa njaa, zikilala tano tano, sita sita. Wanasayansi wa leo wanaihusisha baridi ile na mlipuko wa volkano ya Samalas, kisiwani Lombok, Indonesia, mwaka 1257. Yeye alijua tu kwamba mkate haupatikani.

Michoro yake ipo bado?

Ipo. Sehemu kubwa ya Chronica Majora iko katika chuo cha Corpus Christi, Cambridge, na kurasa zake zimewekwa kwenye intaneti bure. Mtafute tembo kwanza. Buku lililobaki liko London. Humo ameandika hadi mwaka 1259, kisha mkono mwingine ukamchora yeye mwenyewe amelala kitandani anakufa, na karibu yake kitabu chenye maneno: kitabu cha nyakati cha Matthew Paris.