Robota moja, mistari miwili

SWALI: Mhariri, salaam. Naandika programu ya Java ya kuorodhesha marobota ya mkonge yanayoingia ghalani. Kila robota lina nambari, jina la shamba, daraja na uzito. Nikilinganisha kwa ==, marobota yenye nambari ileile na shamba lilelile yanahesabiwa tofauti. Nikaandika methodi ya kuyalinganisha, equals(Robota r). Nikiiita mwenyewe inajibu kweli. Lakini nikiyatia kwenye HashSet, mkusanyo usioruhusu kitu kurudiwa, robota moja linatokea mara mbili. Nimekosea wapi?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Makosa ni mawili, na ukirekebisha moja tu hutaona nafuu yoyote.

Alama ya == haikukosea. Kwa int, yaani namba kamili, hulinganisha thamani, lakini kwa objekti huuliza tu kama rejea mbili zinaelekea kwenye objekti ileile katika kumbukumbu. Ukiita new, neno la kuunda objekti, mara mbili umepata objekti mbili, hata kama yaliyomo yanafanana herufi kwa herufi.

Sasa equals. HashSet haiijui methodi yako. Inaita equals(Object), ambayo kila klasi huirithi, na hiyo ya urithi hufanya kazi ileile ya ==. Wewe umeongeza methodi ya pili yenye jina hilohilo, ile ya urithi ukaiacha palepale. Weka @Override juu yake na kompaila itakukatalia papo hapo ukikosea aina ya kigezo.

Kosa la pili ni kutoandika hashCode, methodi inayotoa namba kwa kila objekti. Kabla ya kulinganisha, HashSet huitumia namba hiyo kujua itafute upande gani wa hifadhi yake. Objekti zilizo sawa kwa equals lazima zitoe hashCode moja. Zisipofanya hivyo, kwa kawaida equals haitaitwa kabisa.

Andika hivi, pamoja na import java.util.Objects juu ya faili:

@Override
public boolean equals(Object o) {
    if (this == o) return true;
    if (!(o instanceof Robota)) return false;
    Robota r = (Robota) o;
    return nambari == r.nambari
        && Objects.equals(shamba, r.shamba);
}

@Override
public int hashCode() {
    return Objects.hash(nambari, shamba);
}

Hapa nambari ni int. Jina la shamba ni String, yaani maandishi, kwa hiyo usililinganishe kwa ==. Ukijaribu kwa majina uliyoyaandika ndani ya msimbo itakubali, kwa sababu Java huyahifadhi mara moja tu. Siku utakaposoma majina kutoka kwenye faili itaanza kukataa, nawe utahangaika kutafuta kilichobadilika.

Uzito tumeuacha nje kwa makusudi, na hapa ndipo pa kufikiri zaidi kuliko penginepo. Singa za mkonge hunyonya unyevu wa hewa. Robota lililopimwa kilo 250 likipimwa tena baada ya masika laweza kusoma 252, na bado ni lilelile. Daraja nalo laweza kusahihishwa na mkaguzi. Vinavyolitambulisha robota ni nambari na shamba. Tena, ukiingiza uzito kwenye hashCode kisha ukaubadilisha robota likiwa tayari ndani ya HashSet, contains, methodi ya kuuliza kama kitu kimo, itajibu halimo ilhali limo, kwa kuwa inalitafuta mahali pasipo pake. Kwa sababu hiyohiyo, nambari na shamba zifanye final, zisibadilike zikishawekwa.

Huenda ukashauriwa utumie record, namna fupi ya kuandika klasi ya data, iliyokamilika katika Java 16 na inayokutengenezea equals na hashCode. Ni nzuri, ila hulinganisha sehemu zote, uzito ukiwemo. Kwa kazi yako haifai mpaka uziandike upya methodi hizo.

Klasi yenyewe pia iwe final, yaani isirithiwe. Mtu akiirithi na kuongeza sehemu kwenye equals yake, robota la kwanza laweza kusema ni sawa na la pili, la pili likakana.