Maswali Yenu: Mvinyo Mwekundu Msimu wa Baridi

SWALI: Nina Cabernet Sauvignon ninayoipenda sana. Nikiinywa kwa rafiki yangu ni laini, lakini nikiwaandalia wageni kwangu majira ya baridi inakuwa kali na inachoma koo. Chupa ni za aina ileile, na huwa nazifungua saa nzima kabla ya wageni kufika. Nakosea wapi?

JIBU: Chupa haina kosa. Kosa ni la hita. Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulianza enzi za nyumba baridi. Leo sebule yenye hita na wageni wanane hufika nyuzi 22 au 23 bila shida, na katika joto hilo alkoholi hupaa haraka, ikafika puani kabla ya harufu ya matunda. Huo ndio mchomo unaousikia.

Cabernet, Syrah na Malbec hunyweka vizuri zikiwa kati ya nyuzi 16 na 18. Mvinyo mwepesi kama Pinot Noir unataka nyuzi 12 hadi 14. Chupa iliyoshinda sebuleni iweke kwenye friji dakika 20 hadi 30. Wageni wakikukuta hujajiandaa, izamishe ndani ya ndoo yenye nusu maji na nusu barafu kwa dakika 10 hivi. Maji ni ya lazima, kwani barafu tupu hugusa chupa hapa na pale tu. Friza tunaikataza kwa sababu moja: watu husahau. Mvinyo wa kawaida huanza kuganda kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, ukavimba na kusukuma kizibo nje.

Ukipoa kupita kiasi, utahisi ukakasi ulimini kama wa chai iliyokolea mno, maana baridi huikuza tanini, yaani kile kitu cha ganda na mbegu za zabibu kinacholeta ukakasi. Hilo halina taabu: ishike glasi kwa viganja viwili, dakika chache zitatosha. Ndiyo maana ni heri kukosea upande wa baridi. Mimina theluthi ya glasi tu, kisha uiweke chupa mbali na hita.

Kuhusu kuifungua saa nzima kabla, hapo unajisumbua bure. Hewa inaingilia shingoni, penye uwazi mdogo kama sarafu. Mvinyo mchanga wenye ukakasi umimine kwenye jagi lenye tumbo pana, ukae dakika 30 hadi 60. Uliozeeka usiufanyie hivyo, kwani harufu yake hupotea upesi. Huo simamisha chupa yake siku moja nzima ili mashapo yatue, kisha umimine polepole, na uache mara tu uonapo mashapo yanakaribia shingoni.

SWALI: Wageni wanane, chupa ngapi?

JIBU: Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Kwa chakula cha jioni cha saa tatu, kadiria nusu chupa kwa kila mnywaji, yaani chupa nne, na moja ya akiba kwa sababu huenda mojawapo ikawa mbovu. Ikinuka karatasi iliyolowa, kizibo kimeiharibu. Haidhuru afya, ila hainyweki. Weka jagi la maji mezani, na dereva umtoe kwenye hesabu.

SWALI: Chupa niliyoiacha kwenye baraza yenye baridi ina chembe zinazometa kama vigae vya kioo. Niimwage?

JIBU: Usiimwage. Hizo ni fuwele za asidi ya tartari iliyoungana na potasiamu, zote za asili ya zabibu. Baridi huzifanya zijitenge. Hazina madhara, isimamishe tu chupa na usimimine tone la mwisho.

SWALI: Naweza kuuchemsha mvinyo wangu huo na viungo?

JIBU: Kuupasha ndiyo, kuuchemsha hapana. Na tafadhali, usiutumie ule unaoupenda! Karafuu humeza kila sifa uliyoilipia. Chukua mvinyo wa bei nafuu wenye matunda mengi na usio na ukakasi. Kwa chupa moja tia kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu tano, vipande vya nusu chungwa na gramu 60 za sukari. Pasha kwa moto mdogo mpaka mvuke uanze kupanda, karibu nyuzi 70, kisha funika dakika 20 moto ukiwa umezimwa. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78, hivyo ukiacha utokote utabaki na maji ya zabibu machungu. Ondoa karafuu kabla ya kuupasha tena, la sivyo uchungu utazidi. Jambo moja kwa wanaopenda kunywea nje: pombe hupanua mishipa ya ngozi, ukajiona una joto ilhali mwili unalipoteza. Koti lisivuliwe.

SWALI: Uliobaki hukaa siku ngapi?

JIBU: Siku tatu hadi tano, ukirudishiwa kizibo usiku uleule na kuwekwa kwenye friji chupa ikiwa wima. Ukiwa umebaki kidogo, uhamishie kwenye chupa ndogo uijaze hadi shingoni, hewa isipate nafasi. Utoe nusu saa kabla ya kunywa. Ukinuka siki, upeleke kwenye sufuria ya nyama.